Hemingway, ndege mbili na kichwa kimoja

Jamani kuna mtu alishawahi kutangazwa amekufa dunia nzima siku ya Jumatatu, na Jumatatu hiyohiyo akaingia hotelini Entebbe akiwa anatembea kwa miguu yake. Naongelea Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani wa riwaya ya The Old Man and the Sea, na mambo yenyewe yalitokea hapahapa jirani, Uganda, Januari 1954. Hii stori watu wanapenda kuisimulia kama komedi, ndege ya kwanza imeanguka kapona, ndege ya pili imeanguka kapona, anatoka kwenye moshi na chupa ya jini mkononi, basi wanacheka wanapiga makofi wanaondoka. Mi kila nikiisoma naona tunaondoka mapema mno, mana tukishamaliza kucheka ndo picha linaanza.

Ngoja nianze na kwa nini mtu wa Dodoma anajisumbua na huyu mzee. Ni hii barabara yetu bana. Hii inayotoka hapa inapita Chemba, Kondoa, Bonga mpaka Babati, ambayo sa hivi ni lami tupu tangu 2018 na unaweza ukanywa chai Dodoma na mchana ukala samaki Babati, zamani ilikua ni kipande cha ile Barabara Kuu ya Kaskazini ya Waingereza, ya kutoka huko kusini kwa Rhodesia mpaka Nairobi. Hemingway alikuja Tanganyika mara ya kwanza mwishoni mwa 1933 akiwa na mke wake wa pili, Pauline, na kitabu alichokiandika baada ya hapo, Green Hills of Africa cha 1935, kimejaa majina ya huku huku, Babati ipo, ziwa Manyara lipo, Handeni ipo, na sehemu kubwa ni yeye anahangaika kumwinda tandala dume, yule swala mkubwa wa pembe za kujisokota, kabla mvua hazijaanza kuharibu njia. Halafu mtoto wake wa kati, Patrick, akaja akahamia kabisa Tanganyika, akanunua shamba Sao Hill kule Mufindi, yani ukitoka Dodoma ukapita Iringa ukanyoosha umefika. Kwahiyo mzee wake kaskazini na mtoto wake kusini, sisi katikati tunakula vumbi. Kwa hiyo ni jirani yetu, msinishangae.

Ajali kwa huyu mtu zilianza mapema. 1918, hajafikisha hata miaka 19, alikua Italia anaendesha gari la wagonjwa la Msalaba Mwekundu, bomu likapasuka karibu yake, wakamkuta na vipande vya chuma zaidi ya 200 miguuni. 1928 Paris akavuta kamba asiyotakiwa kuivuta usiku chooni, dirisha la juu la vioo likamshukia kichwani. 1944 London, usiku wa giza la vita taa zote zimezimwa, gari alilopanda likagonga tenki la maji, kichwa tena, nyuzi 57. Na hapa kwetu safari ile ya kwanza hakugongwa na kitu ila aliharishwa damu na amiba mpaka ikabidi Januari 1934 aletewe kindege porini kimpeleke Nairobi akachomwe sindano. Kile kindege kikapita karibu na Kilimanjaro, na kutoka hapo tukapata ile hadithi yake maarufu ya theluji ya mlimani. Hiyo ndo faida pekee ya amiba ninayoijua.

Hesabu hapo umeona kichwa kimeshatajwa mara mbili. Kiwekeni akilini.

Sasa 1953 akarudi, mke sasa ni wa nne, Mary, mwandishi wa habari mwenyewe. Safari imedhaminiwa na jarida la Look, mpiga picha yupo, mwindaji mkongwe Philip Percival katolewa kwenye ustaafu aje kuongoza. Mwaka huohuo kapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi kule Marekani. Jina liko juu, hela ipo, ndevu zimekua nyeupe, ana miaka 54. Akaamua kumpa Mary zawadi ya Krismasi, wazunguke na ndege waone Kongo na maziwa yote makubwa kutoka juu. Wakakodi Cessna 180, kindege cha injini moja, rubani kijana anaitwa Roy Marsh. Tarehe 21 Januari 1954 wakaruka kutoka Nairobi, wakapita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakashuka Mwanza kujaza mafuta, wakalala Bukavu, kesho yake wakaja Entebbe. Mpaka hapo raha tupu.

Jumamosi tarehe 23 wakaenda kupiga picha maporomoko ya Murchison. Kwa ambaye hajawahi kufika, pale Nile yote, ule mto wote mnaousikia, unabanwa kwenye upenyo wa mita kama 7 hivi halafu unadondoka mita zaidi ya 40. Kupiga picha vizuri inabidi rubani azunguke chini chini, na Roy alikua anazunguka, mara likatokea kundi la ndege wa kwarara mbele, akashusha kindege kuwakwepa, kumbe kuna waya wa zamani wa simu za maandishi umepita pale juu ya korongo na hakuna anayeutumia tena. Mkia ukagusa waya. Roy akajitahidi sana kwa kweli, akakipeleka kindege mbali kidogo na mto akakilaza kwenye vichaka. Hemingway bega limeteguka, Mary mbavu mbili zimevunjika, Roy mzima. Wakapanda kilimani mbali na maji, mana kule chini ni mamba na viboko, wakawasha moto, tembo wanapita, wakalala.

Ndege ya abiria ya Waingereza ikapita juu, rubani akaona mabaki na hakuna mtu anayepunga mkono. Akaripoti hivyo alivyoona. Na taarifa ikaondoka, hakuna wa kuirudisha.

Hii sehemu mi inanichekesha na kunikera kwa wakati mmoja mana tunaijua vizuri sana. Leo hii kwenye magrupu ya WhatsApp hapa mjini mtu anaweza akauawa saa mbili asubuhi, saa tatu picha yake ina mshumaa, saa nne kuna namba ya kutuma rambirambi, saa sita anapiga simu mwenyewe anauliza hivi nani kaanzisha. Mwaka 1954 hakukua na bando wala nini lakini kufikia Jumatatu magazeti ya mabara yote yalikua yameshamzika. Gazeti moja la Ujerumani likaandika kwamba alikua anajaribu kutua na ndege juu ya kilele cha Kilimanjaro! Yani waliona kaandika hadithi ya mlima, basi wakamuulia hukohuko.

Wakati huo Jumapili asubuhi wao wakaona boti inakuja mtoni. Ilikodiwa na familia ya daktari wa upasuaji wa Kampala, Ian McAdam, wamekuja kutembea tu, wakawapakia mpaka Butiaba kwenye ziwa Albert. Mbavu za Mary zikapata daktari hapohapo mtoni, hiyo ni bahati gani jamani.

Ningekua mimi ningeishia hapo. Ningekaa Butiaba nikasubiri gari hata wiki. Ila pale bandarini akawepo rubani mwingine, Reginald Cartwright, alikua anawatafuta, ana ndege aina ya de Havilland Rapide, kasema twendeni Entebbe leo leo. Hiyo Rapide ni ndege ya mabawa ya juu na chini, imetengenezwa kwa mbao na kitambaa, ya miaka ya 30 huko. Na uwanja wa Butiaba haukua uwanja, ulikua ni shamba lenye matuta. Jioni inaingia. Wakapanda wote, Hemingway, Mary, Roy, na Cartwright kwenye usukani. Ikakimbia inarukaruka kama bodaboda iliyobeba abiria wanne kwenye barabara ya Nkuhungu baada ya mvua, ikainuka kidogo, ikarudi chini, ikainuka, ikarudi, ikawaka moto.

Hapa ndo naomba tukae kidogo. Mbao, kitambaa, na petroli. Roy alivunja dirisha la mbele akapita na akamvuta Mary, wao ni wembamba. Hemingway hapiti pale, ni pande la mtu. Akarudi kwenye mlango, mlango umejikunja hautaki. Mkono hauwezi kusukuma mana bega la kulia ndo lile lililoteguka jana yake. Moshi umejaa. Akatumia kilichobaki: kichwa. Akaupiga ule mlango kwa kichwa, akaupiga tena, mpaka ukaachia akatokea kwenye bawa. Cartwright naye akatoka. Wote wanne wamepona, ndege imeisha yote, pasipoti, kamera, miwani, kila kitu majivu.

Wasimuliaji wengi wakifika hapa wanasema mzee alikua dume. Ni kweli, sina ubishi, asingefanya vile angeungua. Ila fuvu lake lilipasuka. Sio kupasuka ngozi, fuvu. Wakapelekwa kwa gari mpaka Masindi usiku, wakalala hotelini, na asubuhi mto aliolalia ulikua umelowa maji meupe yaliyotoka nyuma ya sikio la kushoto. Hayo maji sio jasho. Ni maji yanayozunguka ubongo. Madaktari walipokuja kumpima vizuri baadae, Nairobi na halafu Venice, orodha ilikua hivi: ini limepasuka, bandama, figo la kulia, pingili mbili za uti wa mgongo zimepondeka, bega, jicho la kushoto halioni kwa muda, sikio la kushoto halisikii, na majeraha ya moto. Na huyo mtu kutoka Masindi alienda Entebbe kwa gari (Mary ndege hataki hata kuisikia, mi niko upande wake), akafika akakuta waandishi wamejaa Hoteli ya Lake Victoria, akasimama akawatania, wakaandika mzee yuko fiti anacheka. Siku chache mbele akapanda ndege tena na Roy Marsh yuleyule kwenda Nairobi.

Kule Nairobi kazi yake ikawa ni kusoma tanzia zake. Na kwenye makala aliyowatungia Look, alikua anatamka mtu anaandika mana mwenyewe hawezi, analalamika kwamba magazeti mengi yamesema maisha yake yote alikua anakitafuta kifo. Akauliza, sasa mtu akitafuta kitu maisha yake yote si angekua ameshakipata kabla ya miaka 54? Jibu zuri sana, nimelipenda. Ila soma ile makala huku unajua kwamba mtunzi wake ana fuvu lililopasuka na hajalazwa, inabadilika kabisa. Utani upo kila aya. Anasema vitu vingi sana, anahama huku anaenda kule. Mi naona sio mtindo tu pale.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yeye ni bodaboda hapa mjini, alianguka akiwa hana helmeti, helmeti ilikua imening'inia kwenye usukani kama kawaida yao. Akainuka mwenyewe. Watu wamemzunguka wanasema Mungu mkubwa, wengine wanamcheka kwa jinsi alivyoruka. Nampigia ananiambia dada mi mzima kabisa, nimechubuka tu kiwiko. Na kweli siku ile alikua mzima, alichati mpaka usiku. Baada ya wiki kadhaa ndo mama mdogo ananiambia huyu mtoto kabadilika, hasira za ghafla, anaweka funguo anasahau, taa zinamuumiza macho, anashinda chumbani kajifungia na pazia. Tukampeleka kituo kimoja cha afya wakampa za maumivu. Kwenda sehemu ya pili ndo daktari akakaa nae akamuuliza vizuri kuhusu kuanguka, akaagiza kipimo cha kichwa, akasema ubongo ulitikisika, apumzike, asiendeshe kwanza. Nashukuru anaendelea vizuri sasa na helmeti anavaa, ingawa analalamika inaharibu nywele.

Yule daktari alituambia vitu ambavyo nilishangaa mbona hatufundishwi shuleni. Mtu akigonga kichwa halafu akatapika tapika, au akawa analala lala hovyo, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko nyingine, au maji meupe yakatoka puani au sikioni, hapo hamna kusubiri asubuhi, ni hospitali usiku huohuo. Maji ya sikioni! Nikamkumbuka mzee na mto wake wa kulalia kule Masindi, na wenzake ambao nadhani walidhani ni jasho tu la homa.

Sasa turudi kwake, mana Januari iliisha na mwaka bado. Februari akaenda Shimoni, pwani ya Kenya, kuvua samaki kwenye kambi waliyokua wameshaipanga. Ukatokea moto wa porini karibu na kambi. Watu wanaenda kuzima, na yeye kaenda, mwenye fuvu lililopasuka na uti wa mgongo uliopondeka. Akapoteza balansi akaangukia ndani ya moto. Akaungua miguu, kifua, midomo, mkono. Hii ajali ya tatu haitajwi kabisa kwenye zile stori za kuchekesha, na mimi naona ndo inayosema ukweli kuliko zile mbili, mana ndege zilikua bahati mbaya lakini hii ni mtu ambaye hawezi tena kusimama vizuri na bado hajakubali.

Oktoba mwaka huohuo wakamtangazia tuzo ya Nobel. Desemba hakwenda Stockholm, mwili umekataa, hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani kule Sweden, John Cabot. Watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo mpaka anakufa hakuchapisha riwaya nyingine. Aliandika kurasa na kurasa, ikiwemo kuhusu safari hii hii ya huku, lakini hakuweza kumaliza, mpaka Patrick alipokuja kuzihariri na kuzitoa kama kitabu 1999. Mwanzoni mwa 1961 waliombwa waandishi mbalimbali kuandika sentensi chache tu kwa mkono za kumpongeza Rais Kennedy. Sentensi chache. Alikaa juu ya karatasi siku nyingi, maneno hayaji, akalia. Mtu aliyeishi kwa sentensi fupi! Kipindi hicho alikua ameshapigwa shoti za umeme hospitalini Minnesota kutibu huzuni na hofu zilizomjaa, na tarehe 2 Julai 1961 akajiua nyumbani kwake Idaho.

Sisemi ni kichwa peke yake. Baba yake naye alijiua 1928, pombe alikunywa kweli kweli, presha, ini, mambo mengi. Yupo daktari wa akili Mmarekani, Andrew Farah, ameandika kitabu kizima 2017 akisema yale mapigo ya kichwa ya miaka yote yalichangia kuuharibu ubongo wake, wengine hawakubaliani nae. Mi sio daktari. Ila nikiweka pamoja dirisha la Paris, tenki la London, na mlango wa Butiaba, halafu nione watu bado wanaiposti ile stori na vicheko vya machozi, nashindwa kucheka nao mpaka mwisho.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Karibu yote tunayoyajua kuhusu zile siku tumeyapata kwake au kwa Mary, na yeye alikua mtu wa chumvi. Wapishi, madereva, wabeba mizigo, mabaharia wa ile boti, wale waliomuona akishuka Butiaba na baadae akitoka kwenye moto, hao hawakuandika Look. Na Patrick aliposikia alikodi ndege kutoka huku Tanganyika akamfuata baba yake Entebbe, maana yake kuna watu shambani Sao Hill walisikia habari zile siku zilezile, kwanza msiba halafu sio msiba. Patrick alikuja kufundisha chuo cha wanyamapori Mweka baadae, kwahiyo wanafunzi wake wengi ni wazee wetu wa idara ya wanyamapori. Kama wewe ni wa Mafinga, Sao Hill au Mufindi, na babu au bibi aliwahi kufanya kazi kwenye lile shamba, au mzee wako alisoma Mweka enzi hizo, muulize alisikia nini wiki ile, hata kama ni umbea tu, halafu niandikie. Nauli ya Mafinga nitaitafuta mwenyewe.